Kabla ya kukataa risiti, angalia jiko: jinsi ya kuchagua hatua inayosaidia mazingira kweli

Miezi kadhaa iliyopita tuliwatumia wateja wetu ujumbe tukiwaomba waache kuchukua risiti za karatasi, kwa sababu ujumbe wa simu unatosha kuonyesha kwamba malipo yamepita. Tuliandika "Okoa mti", na tulijipongeza sana kwa kazi hiyo. Halafu mteja mmoja, mama anayeuza chapati na maharagwe, akatujibu hivi: "Sawa, lakini mimi risiti sichukuagi. Mti wangu unaishia kwa jiko. Huo nitauokoa aje?"

Swali hilo lilitunyamazisha kidogo. Tulikuwa tumewaambia watu wafanye kitu kilicho rahisi kwetu, bila kujiuliza kama ndicho kitu chenye uzito kwao. Makala hii ni jibu letu kwake, na kwako pia kama umewahi kutaka kupunguza uharibifu wa mazingira ukashindwa uanzie wapi. Hatutakuambia uache kila kitu leo. Tutakuonyesha jinsi ya kuchagua hatua moja au mbili zenye faida kubwa, ukitumia hesabu rahisi na hiyo simu uliyoshika.

Kwanza, pima

Wengi wetu tunachagua hatua kwa macho. Kitu tunachokiona kimetupwa barabarani ndicho tunachodhani kinaharibu zaidi. Lakini madhara mengine hayaonekani, na mara nyingi hayo ndiyo makubwa. Kwa hivyo kabla ya kuchagua, hebu tupime vitu viwili tulivyotaja: risiti na mkaa.

Tuseme unapokea risiti 2 kwa siku, kila moja ina uzito wa gramu 2. Kwa mwaka mzima hiyo ni karatasi ya kama kilo moja na nusu.

Sasa tuseme nyumba yako inatumia kilo 1 ya mkaa kwa siku. Kwa mwaka hizo ni kilo 365. Mkaa mwingi hapa kwetu huchomwa kwa tanuri za udongo, zile za kufukia magogo ardhini, na kwa njia hiyo kupata kilo 1 ya mkaa kunahitaji kama kilo 5 hadi 10 za kuni. Kwa hivyo kilo zako 365 zilianza kama kilo 1,825 hadi 3,650 za kuni. Tunaongea tani mbili, tatu za miti kwa jiko moja.

Ukiacha risiti zote mwaka mzima, umeokoa kilo moja na nusu ya karatasi. Ukipunguza mkaa kwa theluthi moja tu, umeokoa karibu kilo 120 za mkaa, yaani kuni kati ya kilo 600 na 1,200. Yule mama alikuwa na haki ya kutuuliza.

Hii haimaanishi kwamba risiti haina maana. Maana yake ni kwamba nguvu zetu, muda wetu na pesa zetu zina kikomo. Ukizimaliza kwa jambo dogo, utachoka kabla ya kufikia lile kubwa, na utajisikia umeshafanya sehemu yako ilhali gunia la mkaa linaisha kila mwezi kama kawaida.

Maswali manne ya kuchagua hatua

Ukisikia ushauri wowote wa mazingira, uwe wetu au wa mtu mwingine, upitishe kwa maswali haya manne.

1. Kwangu, madhara makubwa yanatoka wapi? Kwa mtu wa bodaboda ni petroli. Kwa mwenye kibanda cha chakula ni moto. Kwa mwenye duka la simu ni betri na simu zilizokufa. Jibu la jirani yako si lazima liwe lako.

2. Hatua hii itapunguza kiasi gani? Usiridhike na neno "inasaidia". Uliza: nusu, theluthi, au kidogo sana?

3. Itanigharimu nini kuanza, na itaniokolea nini kila siku? Hatua inayokuokolea pesa utaifuata hata ukiwa umechoka. Inayokula pesa kila siku utaiacha mwezi wa pili.

4. Je, inaondoa madhara au inayahamisha tu? Kuna vitu vinavyofanya nyumba yako iwe safi huku vikichafua kwa mtu mwingine. Tutarudi kwa hili, kwa sababu watu wengi husahau kuuliza.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Jikoni

Kwa familia nyingi zinazopikia mkaa au kuni, hapa ndipo penye uzito. Pia ndipo afya ilipo. Moshi wa jikoni huumiza mapafu ya anayepika na ya watoto walio karibu naye. Hizi hapa hatua, kuanzia ile isiyolipiwa hata shilingi.

Loweka nafaka kavu. Maharagwe na mahindi ya githeri yakilala kwenye maji usiku mzima, yanaiva kwa muda mfupi zaidi. Hiyo ni tabia tu, haihitaji kununua kitu.

Funika sufuria na ukatekate chakula vipande vidogo. Sufuria ikiwa wazi, joto linapanda hewani na wewe unaendelea kulilipia. Maji yakishachemka, punguza moto. Chakula kinachotokota polepole na kile kinachofoka vina joto karibu sawa, tofauti ni mkaa unaoisha.

Tumia kikapu cha joto. Wengine wanakiita jiko lisilo na moto. Ni kikapu kilichowekwa vitambaa au sponji pande zote, unaweka sufuria ya moto ndani, unafunika vizuri, na chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Unaweza kukishona nyumbani kwa nguo kuukuu. Angalizo moja la afya: maharagwe lazima yachemke sana kwa moto angalau dakika 10 kabla ya kuingia kwenye kikapu. Na kabla ya kupakua, yarudishe motoni yachemke tena.

Badilisha jiko. Lile jiko lenye bati nje na udongo ndani, lililonyooka kiunoni kama glasi ya mchanga, lilianza kuenea Kenya miaka ya 1980. Wazo lake lilitokana na jiko la Thailand, kisha mafundi wa hapa wakalifanya la kwetu. Udongo unashika joto ili lisipotelee pembeni. Ukilinganisha na jiko la bati tupu, jiko zuri la aina hii linaweza kuokoa theluthi ya mkaa au hata zaidi. Angalia kwamba udongo haujapasuka na umeshikana vizuri na bati. Jiko bovu la bei rahisi halikuokolei kitu.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme unanunua mkaa wa shilingi 70 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 2,100. Ukiokoa theluthi, unabaki na shilingi 700 kila mwezi. Kama jiko ni shilingi 1,400, limejilipa kwa miezi miwili. Baada ya hapo pesa hiyo ni yako. Bei za mtaa wako zitakuwa tofauti, lakini hesabu ni ile ile: gharama ya kuanza, gawanya kwa unachookoa kwa mwezi, utapata idadi ya miezi.

Hamia kwa gesi, hata kwa mapishi ya haraka tu. Gesi inatokana na mafuta na gesi ya ardhini, kwa hivyo hatuwezi kukuambia haina madhara. Lakini haikati mti na haitoi moshi ule wa kukuliza machozi. Kinachozuia wengi ni pesa ya kuanzia, ule mtungi wa kilo 6 na kichomeo chake, kisha ile siku gesi inaisha na mfukoni hakuna kitu. Kwa hili simu inasaidia kweli. Fungua akiba ya lengo moja, uipe jina "Mtungi", na uweke shilingi 30 au 50 kila siku, kama vile ungenunua mkaa. Ukisha kununua mtungi, usiifunge hiyo akiba. Igeuze iwe ya kujaza tena. Katika miji kadhaa kuna pia mitungi yenye mita, ambapo unalipia gesi kidogo kidogo kwa simu, vile unavyonunua mafuta ya kupikia ya kupima.

Usidharau stima. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kupikia stima ni anasa ya matajiri. Kwa koili ya kawaida, ni kweli inakula tokeni. Lakini sufuria ya umeme ya presha ni mnyama mwingine. Inafungia mvuke ndani, na inaweza kuivisha maharagwe kwa chini ya yuniti moja ya stima. Linganisha bei ya yuniti moja kwenu na bei ya mkaa wa kuchemsha maharagwe saa mbili, tatu. Wengine watashangaa.

Na jambo moja ambalo si la akiba, ni la uhai: usilale na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama mkaa unaonekana umekaribia kuzima na hata kama jiko ni la kisasa. Linatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Taa na stima

Kenya tuna bahati moja: zaidi ya asilimia 80 ya umeme unaozalishwa nchini hutoka kwa vyanzo visivyochoma mafuta. Kuna mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Ziwa Turkana kule Marsabit, na jua. Kwa hivyo ukihama kutoka mafuta ya taa au mkaa kwenda stima, unapunguza uchafuzi kwa kiasi kikubwa.

Hata hivyo tokeni ni pesa. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku, inakula yuniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 inayotoa mwanga karibu sawa inakula yuniti 1.35. Kama una balbu nne za zamani, anza na ile inayowaka muda mrefu zaidi, pengine ya sebuleni au ya nje. Ile ya stoo inayowashwa dakika mbili kwa siku inaweza kungoja hadi iungue yenyewe.

Unaona vile swali la kwanza linarudi? Usibadilishe vitu vyote. Badilisha kile kinachofanya kazi zaidi.

Simu uliyoshika

Hapa lazima tuongee ukweli, kwa sababu sisi biashara yetu yote iko kwa simu. Watu wengi hudhani uharibifu wa simu uko kwa kuichaji. Betri ya simu janja ya kawaida inabeba nguvu kama ya wati 15 kwa saa moja. Ukiichaji kila siku mwaka mzima, hata ukihesabu inayopotea njiani, ni chini ya yuniti 10. Hiyo ni karibu sawa na ile balbu ya wati 60 kwa mwezi mmoja.

Uzito uko mahali pengine. Kwa simu janja ya kawaida, zaidi ya nusu ya hewa chafu inayohusiana nayo hutoka kabla hujaifungua kwenye boksi: kuchimba madini, kuyasafisha, kutengeneza vipande vidogo vya ndani, na kusafirisha. Kwa hivyo hatua kubwa kwa simu ni moja: ikae sana. Simu iliyotumika miaka minne badala ya miwili imeahirisha utengenezaji wa nyingine.

Njia za kuifanya ikae ni hizi:

Badilisha betri kabla ya kubadilisha simu. Nyingi ya simu "zilizochoka" zina betri iliyochoka tu.

Weka kava na kioo cha kuzuia mikwaruzo siku ya kwanza, si baada ya kuanguka.

Kabla ya kununua mpya, uliza kama simu kwa kweli imekufa au umejaza picha na video. Kufuta ni bure.

Ukiuza au kumpa mtu, futa kila kitu, toa laini yako, na uhakikishe akaunti yako ya pesa haifunguki tena kwa simu hiyo. Mazingira yasiwe sababu ya kuibiwa.

Simu ikifa kabisa, usiitupe kwa takataka za nyumbani. Jaa kama la Dandora limekuwa likipokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970, na kuna watu wanaotafuta riziki kwa mikono mitupu juu yake. Betri ya simu ikitobolewa au ikichomwa inaweza kulipuka na kuwaka moto. Peleka simu kwa kituo kinachokusanya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi, au uliza duka ulikonunua kama wanapokea za zamani.

Safari ambayo hukuenda

Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Tuseme bodaboda inaenda kilomita 40 kwa lita. Ukipanda kwenda mjini kulipa bili ya maji, kilomita 5 kwenda na 5 kurudi, umetumia robo lita, na zaidi ya nusu kilo ya hewa hiyo imeingia angani. Kumbuka pia nauli, na saa zako mbili kwenye foleni.

Ukilipa bili hiyo kwa simu, safari haikuwepo. Hapa ndipo malipo ya simu yanaposaidia mazingira zaidi, kuliko kwenye karatasi. Lakini tuwe wakweli: kama ulikuwa unaenda mjini kwa shughuli nyingine hata hivyo, hujaokoa kitu. Faida iko kwa safari inayofutwa. Kwa hivyo jaribu hivi: andika safari ulizofanya wiki hii kwa sababu ya malipo tu, kama karo, maji, kodi, chama. Ngapi zingefanyika kwa simu? Na zile zinazobaki, zinaweza kuunganishwa siku moja?

Kama wewe ndiye mwenye bodaboda, hesabu yako ni tofauti. Pikipiki za umeme zimeanza kuonekana Nairobi na miji mingine, na nyingi unabadilisha betri kituoni kisha unalipa kwa simu. Kabla ya kuingia, pima kilomita zako za kila siku, uone vituo vya betri viko wapi kwenye njia zako, na ulinganishe pesa ya petroli ya wiki na malipo ya betri ya wiki pamoja na mkopo. Wakati huo huo, hata pikipiki ya petroli inakula kidogo ikiwa tairi zina upepo wa kutosha na injini imefanyiwa sevisi.

Risiti na mifuko

Haya, sasa turudi kwa vitu vidogo. Vidogo havimaanishi vya kupuuzwa, mradi visichukue nafasi ya vikubwa.

Risiti nyingi za mashine huchapwa kwa karatasi inayobadilika rangi kwa joto, na huwa imepakwa kemikali. Ndiyo maana maandishi yake hufifia. Usiichanganye na karatasi za kutumika tena, na usiwashie nayo jiko. Kama hauihitaji, mwambie mwenye duka asiichape. Kama unaihitaji kwa hesabu za biashara au dhamana ya bidhaa, ichukue bila kujisikia vibaya, na uipige picha kabla haijafifia.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na sheria ni kali: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Lakini mfuko mwingine ulionunua kwa shilingi chache na ukautupa jioni hauna tofauti kubwa. Mfuko mzuri ni ule unaorudi sokoni na wewe mara mia. Kiondo cha nyanya kimefanya hiyo kazi miaka mingi kabla ya sisi kuanza kuandika makala.

Usihamishe madhara

Tulisema tutarudi kwa swali la nne. Chukua mfano wa betri za asidi, zile za gari na za baadhi ya mifumo ya sola. Ndani mwake kuna risasi, metali yenye sumu. Zikisafishwa vizuri, risasi hiyo hutumika tena. Zikisafishwa ovyo, watu wanaumia.

Tuliona hayo Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi pembeni mwa nyumba za watu, na wakazi, wakiwemo watoto, wakapata sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake alikuwa miongoni mwa walioathirika, aliongoza kupigania haki yao, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo ikaendelea hadi Mahakama ya Juu.

Tunakumbusha hili kwa sababu betri inayowasha taa safi kwa nyumba moja inaweza kuwa sumu kwa nyumba nyingine. Kwa hivyo unaponunua sola, taa ya kuchaji au pikipiki ya umeme, muuzaji akujibu: betri hii ikifa, ninaileta wapi? Akikosa jibu, mwulize mwingine. Na usimuuzie betri kuukuu mtu yeyote anayepita na mkokoteni bila kujua anaipeleka wapi.

Kabla ya kulipia kidogo kidogo

Majiko, sola na simu nyingi siku hizi unaweza kulipia mdogo mdogo. Ni njia nzuri ya kuvuka kile kikwazo cha pesa ya kuanzia. Ila fanya haya kwanza:

Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku zote, uongeze amana. Linganisha jumla hiyo na bei ya pesa taslimu.

Uliza kinachotokea ukikosa kulipa siku tatu, na ukikosa mwezi.

Uliza dhamana ni ya muda gani, na nani anarekebisha kikiharibika.

Lipa kwa nambari ya till au paybill ya kampuni, uhakikishe jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Usitume kwa nambari ya mtu binafsi eti ndiye ajenti.

Tena sikiliza vizuri: ukipigiwa simu uambiwe umechaguliwa kupata jiko la bure au sola ya mradi fulani, kisha uombwe PIN yako au "ada ya usajili", kata hiyo simu. Sisi hatutakuuliza PIN yako hata siku moja, kwa sababu yoyote ile.

Zoezi la mwezi mmoja

Wiki ya kwanza, pakua taarifa ya akaunti yako ya mwezi uliopita. Pitia malipo na uweke alama kwa kila kilichoenda kwa mkaa, gesi, mafuta ya taa, tokeni, petroli na nauli. Ulicholipa taslimu, kiandike kando. Jumlisha kila kundi.

Wiki ya pili, chagua kundi kubwa kuliko yote. Hilo moja tu. Lipitishe kwa yale maswali manne na uchague hatua moja.

Wiki ya tatu, anza ile sehemu isiyolipiwa, kama kuloweka maharagwe au kuunganisha safari. Unachookoa, kihamishe siku hiyo hiyo kwa akiba yenye jina la hatua inayofuata.

Wiki ya nne, linganisha. Kama kundi hilo halijapungua, hatua uliyochagua haikufai, na hakuna aibu kubadilisha.

Jibu letu kwa mama wa chapati

Mama, asante kwa kutuuliza. Hatukujua biashara yako vizuri, kwa hivyo tulifanya hesabu ya mfano, nawe utaweka nambari zako. Tuseme unachoma mkaa wa shilingi 200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 5,200. Tuseme nusu ya mkaa huo ni wa maharagwe. Chapati zinahitaji moto pale pale, kwa hivyo tuziache kwanza. Maharagwe ndiyo yanayokaa motoni saa nyingi bila wewe kuwa pale.

Yaloweke usiku, yachemshe vizuri, yamalizie kwa kikapu cha joto, kisha yachemshe tena kabla ya kuuza. Kama hiyo itapunguza mkaa wa maharagwe kwa nusu, utabaki na shilingi 50 kwa siku, yaani 1,300 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza na wa pili, iweke kwa akiba ya jiko kubwa lenye udongo ndani, kwa ajili ya chapati. Miezi inayofuata, ifikirie sufuria ya umeme ya presha kama una stima pale kibandani.

Hapo mti wako utakuwa umeanza kuokoka, na faida yako pia. Na risiti? Ukihitaji, chukua.